Bunduki Iliyopimwa kwa Mkono wa Verlyn

Kila mwezi wa Mei, waume wa mji wa Kvam huwapenda wake zao kwa muda wa kama dakika kumi. Ndio muda unaotosha kujaza fomu. Idara ya wanyamapori ya Montana hutoa vibali vichache vya kuwinda madume ya elki, wale kulungu wakubwa wa Amerika, kule kwenye makorongo ya mto Missouri. Vibali hutolewa kwa bahati nasibu, na mtu haruhusiwi kuomba zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mume huomba kwa jina lake, kisha, kwa mapenzi yaliyomjaa kifuani, huomba tena kwa jina la mkewe. Mke akibahatika, hupelekwa porini, hukalishwa ndani ya pikapu na blanketi na chupa ya kahawa, na kibali hukaa mfukoni mwake kwa heshima zote huku risasi ikitoka kwenye bunduki ya mtu mwingine. Sheria inakataza. Kvam nzima inajua kwamba sheria inakataza, na Kvam nzima huenda kanisani.

Verlyn Stensrud, dereva wa greda la barabara za kaunti, alikuwa amempenda mkewe kwa namna hiyo kwa miaka kumi na tisa mfululizo bila kuambulia hata mkia. Mwezi wa Agosti 1983, bahasha ikaja. Mkewe Arlys, mpishi wa shule ya Kvam, ndiye aliyeitoa kwenye sanduku la barua kando ya barabara. Akaisoma palepale juani, akairudisha karatasi ndani, akaenda kumenya viazi. Alimenya viazi vya kutosha watu kumi na wawili. Nyumbani walikuwa wawili.

Verlyn aliporudi aliikuta bahasha juu ya meza, imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Akaisoma amesimama. Akaketi, akaisoma tena.

"Tumepata," alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Nani kapata?"

"Sisi. Stensrud."

"Soma na jina la mbele."

Verlyn akasoma jina la mbele. Akasafisha miwani kwa shati, akalisoma mara ya pili. Jina halikubadilika.

"Basi," alisema Arlys, "nitakwenda kumpiga."

"Kumpiga nani?"

"Elki, Verlyn. Ulidhani nani?"

Hapo Verlyn alimweleza mkewe, kwa upole wa mtu anayezungumza na farasi mwenye hofu, jinsi mambo haya yanavyoendeshwa. Alieleza habari za pikapu. Alieleza habari za blanketi. Kwa ukarimu aliongeza kwamba mwaka huu atanunua chupa mpya ya kahawa, ile isiyovuja.

Arlys alimwacha amalize.

"Sikiliza, mzee," alisema. "Miaka thelathini napika nyama ya elki wenu. Wako, wa marehemu baba, wa kila mwanamume aliyewahi kukanyaga hapa na viatu vyenye matope. Kila mara ninakaa kwenye meza yangu mwenyewe nikihadithiwa. Upepo ulitoka wapi. Dume aligeuka vipi. Wewe ulivuta pumzi vipi. Nimechoka kuhadithiwa. Na mimi nataka niwachoshe watu."

"Lakini mke wangu, kibali kama hiki..."

"Kimechukua miaka kumi na tisa kuja. Nikingoja kumi na tisa mingine nitakuwa na sabini na mitatu. Nitampiga kwa fimbo ya kutembelea?"

Verlyn akapiga hesabu kwa vidole, na hesabu ikakubali. Halafu akasema jambo la busara, na lilimwia vigumu mwenyewe kulitema: kwamba basi, kama ni hivyo, Arlys anahitaji bunduki. Ya Verlyn haikumfaa. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba Arlys akiiegemeza begani, kidole chake kiliishia kabla ya kufika kwenye triga, kikawa kinachezacheza hewani kama cha mtu anayepapasa swichi ukutani. Na msimu ulikuwa unafunguliwa baada ya majuma kumi na moja.

"Njia ziko tatu," alisema Verlyn, akasogeza viazi pembeni ili njia hizo zipate nafasi ya kutosha mezani. "Kununua nzuri dukani. Kufufua kuukuu. Au kuijenga mwenyewe, kipande kwa kipande."

"Ipi inamalizika kabla ya msimu?"

"Hilo," alisema Verlyn, "si swali la kwanza la kujiuliza."

Arlys alikuwa na hakika kwamba ndilo.

*

Jumamosi walikwenda dukani kwa Merle Haugo. Merle aliuza misumari, mbegu, soksi na bunduki, na alikuwa na bunduki moja ambayo aliiweka peke yake ndani ya kabati la kioo, chini ya taa yake yenyewe. Wanaume wa Kvam walipoingia kununua misumari walipita hapo kwanza, wakavua kofia, wakakitia kioo ukungu kwa pumzi zao, ndipo wakakumbuka misumari. Kila Ijumaa Merle alikifuta kioo kwa kitambaa.

"Hiyo ndiyo bunduki," alisema Merle. "Unanunua leo, kesho unawinda, keshokutwa mjukuu wako anairithi. Hakuna maswali."

"Mimi nina swali," alisema Arlys. "Naweza kuishika?"

Merle akamtazama Verlyn. Verlyn akatazama soksi. Merle akafungua kabati.

Arlys aliipandisha begani. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotegemea na ilitulia vizuri, lakini kidole chake kilikwama palepale, hewani.

"Ndefu," alisema.

"Si ndefu, bibi Stensrud. Ni saizi ya kawaida."

"Kawaida ya nani?"

"Ya watu," alisema Merle, kwa nia njema kabisa.

"Unayo ya mtu mfupi?"

"Wanawake huwa hawaniulizi bunduki. Huniuliza soksi." Akageuka kwa Verlyn na kumtajia bei, na bei ile ilikuwa sawa na ndama wawili na nusu. Verlyn akavaa kofia yake.

Njiani alisema kwamba hata ingekuwa ya bure asingeichukua. Mtu anayenunua bunduki ya dukani, alisema, anakiri mbele ya watu kwamba hajui kitu.

"Mimi sijui kitu," alisema Arlys, "na sioni haya kukiri. Je, ya kufufua?"

"Ya kufufua ni kuvaa suruali ya marehemu. Humjui alikufa na nini."

"Ile ya baba je? Aliyorudi nayo kutoka vitani?"

Verlyn alicheka mpaka pikapu ikayumba. Bunduki ya baba yake Arlys, Mauser ya askari fulani wa Kijerumani ambaye mwaka 1945 hakuihitaji tena, ilikuwa kwenye banda la kuku. Kazi yake, kwa miaka mingi sasa, ilikuwa kuegemea mlango ili usifunguliwe na upepo. Kuku waliiheshimu. Zaidi ya hao hakuna.

"Nitakujengea," alisema Verlyn, akiwa amekwisha kuacha kucheka, na uso wake ukawa mwekundu kwa nia njema. "Mtutu mzuri, kitako cha mbao ya mjozi, nakichonga kwa mkono wangu. Itakuwa bunduki ambayo Merle ataiomba aiweke kwenye kabati lake."

Arlys alikuwa anafikiria mashua. Verlyn alianza kujenga mashua wakati binti yao Karin yuko darasa la tatu. Karin sasa alikuwa na watoto wawili, na mashua ilikuwa gerejini, haina chini, na paka walikuwa wamezalia humo vizazi sita.

*

Lakini haki itendeke: mwanamume alifanya kazi. Vifurushi vilikuja kwa posta. Kipande cha mbao ya mjozi kilikuja kimefungwa kwenye gazeti, nacho kilikuwa na michirizi kama asali inayomwagika. Verlyn alikishika kwa mikono miwili, akakileta jikoni, akakiweka karibu na mkate ili Arlys akione kwa mwanga mzuri. Kuanzia siku hiyo kila chakula kilikuwa na unga mwembamba wa mjozi. Pai ya tufaha ilikuwa na unga wa mjozi. Shuka zilinuka mafuta ya kitani.

Juma la tatu Arlys alimpelekea kahawa gerejini. Verlyn alikuwa amesimama ameupa mlango mgongo. Alikuwa ameukunja mkono wake wa kulia, kitako kimekaa kwenye kiwiko na kidole kimefika kwenye triga, namna mafundi wanavyopima. Kwa mkono wa kushoto alichukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akachora mstari mahali pa kukata. Mkono wake. Verlyn alikuwa na kimo cha futi sita na inchi mbili. Arlys alifika kwenye kifungo cha tatu cha shati lake.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Arlys.

Verlyn akageuka akiificha nyuma ya mgongo. "Ya kwako, mke wangu. Ila usiangalie. Nataka uione ikiwa tayari."

Arlys aliweka kahawa juu ya mashua, karibu na paka. Angeweza kusema. Alifungua mdomo hasa. Kisha akafikiria siku ya kufunguliwa kwa msimu: bunduki inang'aa, haimtoshi, na Verlyn anakuna kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa na kusema, basi, kwa kuwa mambo yamekuwa hivi, labda mimi. Alimjua. Asingekuwa anafanya hila. Ingemtokea tu, kama kwikwi.

Akafunga mdomo. Alhamisi ya juma lile lile, baada ya kuosha masufuria ya shule, alikwenda kwenye banda la kuku, akawaomba radhi kuku, akauegemeza mlango kwa reki.

*

Opal Zahn alikuwa mjane aliyerithi karakana ya mumewe iliyokuwa ikitengeneza bunduki, na, kama Kvam yote ilivyokubali kwa shida, ndiye aliyekuwa akifanya kazi tangu mwanzo huku mumewe akizungumza na wateja. Aliipokea Mauser kwa vidole viwili. Manyoya ya kuku yalidondoka mezani.

"Hii imekaa wapi?"

"Ilikuwa kazini," alisema Arlys.

Opal akawasha taa, akachungulia ndani ya mtutu, akaguna. Akafungua hiki, akasugua kile, akagonga chuma kwa kucha na kusikiliza.

"Mtutu umekufa," alisema. "Kitako kimeliwa, sijui na nani, sitaki kujua. Lakini moyo wake, hapa risasi inapoingia na kufungwa, mzima. Wale watu waliofanya moyo huu hawakuwa na mchezo. Ninao mtutu uliotumika, ni mzuri. Kitako kipo kimoja kwenye pipa pale, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Itakuwa mbaya ya sura, nakwambia mapema."

"Sitaitundika ukutani, dada. Itakuwa tayari kabla ya msimu?"

"Kwani ni mashua? Kunja mkono."

Arlys akakunja mkono. Opal akapima.

"Mkono wako mfupi."

"Ninao tangu nizaliwe."

Opal akachora mstari, akachukua msumeno, akakata inchi mbili kasoro robo za kitako bila kusita, na kipande kikadondoka sakafuni kama ncha ya mkate. Habari ya malipo ilizungumzwa kwa muda mfupi. Jimboni kote, siku ya maharage ya pilipili, shule huwapa watoto mkate wa mdalasini wa kuviringisha, na ule wa Arlys ulikuwa na sifa mpaka kaunti ya tatu. Watu wazima walikuwa wamewahi kukamatwa ndani ya foleni ya darasa la nne. Opal alitaka sinia nzima ya mikate hiyo, kila Alhamisi, mpaka msimu uishe.

"Na tutafanya mazoezi," alisema Opal. "Nina bonde nyuma ya nyumba. Mumeo utamwambia nini?"

"Kwaya," alisema Arlys.

Hivyo ndivyo kwaya ya Kilutheri ya Kvam ilivyopata bidii ambayo haijapata kuonekana. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni Arlys alitoka, na kila Alhamisi alirudi na mashavu mekundu, ananuka baruti.

"Mishumaa?" aliuliza Verlyn, akinusa hewa.

"Ndiyo," alisema Arlys, "mishumaa," maana jibu alikuwa amepewa bure.

Juma la kwanza alirudi na alama ya buluu begani, kubwa kama sahani ya kikombe. Alisema ni mlango wa friji ya shule. Juma la tatu alisema ni mlango uleule. Verlyn alikasirika sana, akasema ataandika barua kwa bodi ya shule, na Arlys ikabidi amzuie kwa kumpa pai. Juma la sita alama haikuwepo. Opal alikuwa amemfundisha kuikumbatia bunduki badala ya kuiogopa, na vilevile kwamba pumzi huachwa itoke nusu, kisha hungojwa, na katika huko kungoja ndimo risasi inamotoka bila mtu kuiamuru.

"Kwaya inaendeleaje?" aliuliza Verlyn siku moja, akiwa anasugua msasa.

"Tunaingia kwa pamoja sasa," alisema Arlys. "Mwanzoni nilikuwa nawahi."

*

Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu, wawindaji wa Kvam hukutana kwenye shimo la changarawe. Kila mmoja hutundika sahani ya karatasi, ile ya pai, hatua mia moja kutoka alipo, na kuipiga risasi tatu. Sahani yenye matundu matatu huandikwa jina na kutundikwa dukani kwa Merle mpaka msimu uishe. Asiyefikisha matatu hakatazwi kuwinda. Anaombewa tu, kwa sauti, kila anapoingia kununua misumari.

Verlyn alikuja na kitu kilichofungwa kwenye mfarishi wa harusi yao. Alikifungua juu ya boneti ya pikapu, taratibu, na wanaume kumi na wanne wakasogea karibu. Lazima isemwe ukweli: ilikuwa bunduki nzuri. Ilikuwa imekwisha usiku wa kuamkia jana, mafuta hayajakauka sawasawa, lakini mjozi uliwaka kama kitu chenye taa ndani. Merle alivua kofia.

"Ni ya Arlys," alisema Verlyn, akarudi nyuma hatua moja ili waione.

Arlys aliipandisha begani mbele ya watu wote. Kidole chake kilitoka, kikatafuta, kikacheza hewani.

Merle akavaa kofia yake.

Verlyn alitazama kile kidole. Rangi ilimtoka usoni, ikarudi, ikapita kiasi. "Nilipima," alisema. "Nilipima mara mbili."

"Kwa mkono wa nani, Verlyn?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Nilitaka asijue. Sasa ningempimaje na asijue?" Akakuna kichwa. Alikuna kwa muda, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Na hapo, kama kwikwi, ikaja. "Basi, mke wangu. Kwa kuwa mambo yamekuwa hivi. Labda mimi..."

"Ngoja kidogo, bwana," alisema Arlys.

Akaenda kwenye kiti cha mbele cha pikapu, akatoa gunia la unga la jikoni mwa shule, ndani ya gunia akatoa Mauser. Jua halikuwaka juu yake. Hakuna aliyevua kofia. Unyoya mmoja, uliokuwa umejificha mahali kwa majuma yote yale, ulitoka ukaelea.

"Hiyo si ya banda la kuku?" alisema Verlyn.

"Imestaafu."

Akalala juu ya blanketi. Akapiga mara tatu, akipumzika kati ya mlio na mlio kama mtu anayegeuza chapati. Merle mwenyewe ndiye aliyekwenda kuleta sahani. Matundu matatu, yote yangefunikwa kwa kikombe cha kahawa. Merle aliigeuza, akaiangalia upande wa nyuma, kana kwamba huko kulikuwa na maelezo.

"Umejifunzia wapi haya?" aliuliza Verlyn, polepole.

"Kwaya," alisema Opal Zahn kutoka kwenye pikapu yake, akiwa anatafuna mkate wa mdalasini.

*

Siku mbili zilizofuata Verlyn alikula na kwenda kazini kama kawaida. Hakununa. Alikuwa kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba na anazunguka vyumba akikitafuta. Siku ya tatu alimwuliza Arlys kama anaweza kumsindikiza porini hata hivyo, kwa sababu anayajua makorongo yale, na kwa sababu mtu lazima abebe nyama.

"Bila bunduki," alisema Arlys.

"Bila bunduki."

"Chupa ya kahawa utabeba wewe."

Siku ya kwanza hawakuona kitu. Siku ya pili waliona elki majike thelathini na mbwamwitu mmoja wa nyika, naye aliwadharau. Arlys alikuwa ameomba ruhusa ya siku tatu shuleni. Mwalimu mkuu alikubali na sasa alikuwa anapika mwenyewe, na habari zilizotoka huko hazikuwa nzuri. Asubuhi ya siku ya tatu theluji nyepesi ilikuwa imeanguka. Walitambaa mpaka ukingo wa korongo, miti ya misonobari chini yao, pumzi zao zinatoka nyeupe.

Verlyn ndiye aliyemwona kwanza. Dume alitoka kwenye miti upande wa pili, mkubwa kama farasi, pembe zake zimelala nyuma juu ya mgongo, akasimama ubavu. Miaka kumi na tisa ilisimama pale. Na mikono ya Verlyn, bila kumwomba ruhusa, ikapanda yenyewe hadi begani, shavu likalala, jicho moja likafumba, kidole kikajikunja. Alikuwa amemlenga sawasawa. Kwa chupa ya kahawa.

Arlys aliona haya kwa pembe ya jicho, na ilibidi angoje, maana kicheko kilikuwa kimemfika kooni na kicheko hutikisa bunduki.

"Nyuma ya bega," alinong'ona Verlyn kutoka nyuma ya chupa. "Upepo unatoka..."

"Nyamaza, Verlyn."

Akaiacha pumzi itoke nusu. Akangoja. Hakuisikia risasi, alihisi tu bega likisukumwa, na dume alitembea hatua nne kama aliyekumbuka jambo, akapiga magoti, akalala.

Verlyn aliishusha chupa polepole. Akaitazama. Akaifungua, akammiminia mkewe kahawa kwanza.

Kazi ya kuchuna na kubeba ilichukua siku nzima, mara tano kupanda na kushuka. Katika mara zote tano Arlys alihadithia. Upepo ulitoka wapi. Dume aligeuka vipi.

"Nilikuwepo," alisema Verlyn, na paja zima mgongoni.

"Ulikuwepo na chupa. Sasa basi, nikavuta pumzi..."

Alihadithia nyumbani. Alihadithia kwenye kahawa ya kanisani, huko ambako kwaya iliyobaki ilimtazama kwa maswali. Alihadithia dukani kwa Merle, chini ya sahani yake, mpaka mwanamume aliyekuja kununua misumari akaondoka bila misumari. Alikuwa na furaha kamili.

*

Jumapili moja ya Novemba Verlyn alimwita gerejini. Bunduki ya mjozi ilikuwa kwenye jiliwa, imefungwa kwa kitambaa isikwaruzike. Kando yake msumeno. Nyuma ya sikio, penseli.

"Kunja mkono," alisema.

Arlys akakunja. Verlyn alipima, na alipima kwa makini, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye ncha ya kidole, akamwomba asimame sawa, akapima tena. Akachora mstari. Baina ya mstari na mwisho wa kitako palikuwa na sehemu nzuri kuliko zote, pale ambapo michirizi yote ya asali ilikutana.

"Ni yako," alisema. "Nilisema itakuwa yako."

Akashika msumeno. Akavuta mara moja. Unga mwekundu ulidondoka juu ya kiatu. Akavuta mara ya pili, akafumba macho. Akavuta mara ya tatu.

"Inatosha," alisema Arlys.

"Bado hata robo."

"Inatosha, mzee. Mimi ninayo yangu. Hii kaa nayo, Mei si mbali. Nitakujazia fomu mwenyewe."

Verlyn alisimama na msumeno mkononi, anaangalia alama ya meno matatu kwenye mbao aliyoisugua majuma tisa. "Sasa mbona hukunizuia kabla sijaanza?"

"Nilitaka kuona kama utaanza," alisema Arlys, akaenda kutazama paka.

Alama ipo mpaka leo. Merle alijitolea kuifunika kwa kipande cha mpira, kazi ya dakika tano, na Verlyn alikataa. Wageni wanaovua kofia mbele ya bunduki ile huuliza imekuwaje pale nyuma, na yeye huwajibu, kwa uzito unaostahili, kwamba ni alama ya kipimo. Kama Arlys yuko karibu, huwaeleza wageni habari yote, akianzia kwenye upepo.